Leseni ya Daki wa Ubongo: Pointi 50 Zenye Zinakuhusu Hata Kama Wewe ni wa Keroka

Kuzo yangu wa Nyamira alianguka mara ya kwanza akiwa kidato cha pili, kwa laini ya gwaride, Jumatatu asubuhi. Macho juu, povu mdomoni, mikono inaruka. Wasichana walihepa. Mwalimu mmoja akakuja mbio na kijiko ati amuwekee mdomoni. Mwingine akaanzisha maombi. Soja wa geti akasema wamnusishe kiberiti. Venye aliamka, tayari alikuwa na jina jipya shule nzima, na si jina poa.

Kwao walihangaika. Kanisa moja, kanisa la pili, mzee wa mitishamba, alafu mwishowe kliniki fulani yenye jina lake nitaliacha hapo kando. Hapo kulikuwa na jamaa wa koti nyeupe mwenye kila mtu alikuwa anamwita "daktari wa kichwa". Akaandika dawa inaitwa valproeti. Na ukweli usemwe, ilifanya kazi. Msichana akaacha kuanguka. Familia ikashukuru Mungu, na kila mwezi mtu akawa anatumwa kununua dawa ile ile. Miaka tano hivi.

Alafu akafika miaka 22, akapata mchumba, na siku moja dawa ikaisha kwa ile kliniki. Akaenda kituo cha afya cha serikali. Akapata CO mdogo mdogo, yaani afisa wa kliniki, mwenye alisoma kadi yake yote kabla ya kufungua mdomo. Swali la kwanza: "Dada, uko na mpango wa kupata mtoto hivi karibuni?"

Kuzo akadhani anakatiwa. Karibu atoke.

Kumbe msee alikuwa kazini. Akamwelezea kwamba hiyo dawa, ukiitumia ukiwa na mimba, inaweza kumharibu mtoto tumboni. Hesabu yenye madaktari wanatumia ni kwamba karibu mtoto 1 kati ya 10 anazaliwa na kasoro ya mwili, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 wanapata shida ya ukuaji wa akili. Akamwambia asiiache ghafla, juu kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kibaya zaidi. Akamwandikia barua aende hospitali kubwa abadilishiwe pole pole na daktari. CO alisema hayo mambo alirudishwa kuyasoma kwa semina miezi michache kabla.

Jioni mathe yake akauliza maswali mawili yenye yamenikaa kichwani mpaka leo. La kwanza: "Huyu wa koti nyeupe alisomea kichwa wapi?" La pili: "Na mara ya mwisho kusoma ilikuwa lini?"

Wasee wengi tunaulizanga la kwanza. La pili hatuulizangi. Na la pili ndilo linaua.

Hii karatasi inafanyaje kazi?

Nikiri kitu. Mimi niliacha kampo mwaka wa pili, kwa hivyo mtu wa kukuhubiria kuhusu vyeti si mimi. Lakini kuna tofauti kati ya cheti na leseni, na watu wengi hawaijui.

Cheti unapewa ukimaliza shule. Hicho ni chako mpaka uzikwe nacho. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi, na hapa Kenya ruhusa ya daktari inatoka kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lile tunaita KMPDC. Zamani lilikuwa Bodi, likabadilishwa kuwa Baraza mwaka wa 2019. Sheria yake ni Sura ya 253.

Daktari anasajiliwa mara moja. Lakini leseni ya kutibu inaisha kila mwaka, tarehe 31 Desemba. Ukipiga kelele za mwaka mpya bila kuilipia na kuifanyia mambo yake, Januari ukishika mgonjwa uko upande mbaya wa sheria, hata kama ulikuwa namba moja kwa darasa.

Na kulipa peke yake haitoshi. Lazima daktari aonyeshe amekuwa akisoma. Hapo ndipo zinakuja pointi. Kila mwaka anatakiwa kukusanya pointi 50 za masomo ya kuendelea. Anazipata kwa kuhudhuria kongamano, warsha, kozi fupi, semina za mtandaoni, kufundisha, ama kuandika utafiti. Mwenye kuandaa hayo masomo lazima awe ametambuliwa na Baraza, si mtu tu ameamka akafungua semina kwa keja yake.

Sasa daktari bingwa wa neva na ubongo ni hatua ingine juu. Huyu alisoma udaktari wa kawaida, akafanya mwaka wa intani, akarudi kusoma shahada ya pili ya magonjwa ya ndani, alafu akaongeza masomo ya nyurolojia pekee. Ukihesabu kutoka kidato cha nne, hapo kuna zaidi ya miaka 12 ya kitabu. Wengi wao ilibidi waende nje kusomea hiyo ya mwisho, juu kwa miaka mingi nafasi hapa nyumbani zilikuwa chache sana. Baada ya hapo Baraza linamtambua kama bingwa kwenye rejista. Bila hiyo, mtu anaweza kuwa daktari halali kabisa na bado asiwe na haki ya kujiita bingwa wa ubongo.

Usichanganye huyu na yule wa kupasua. Daktari wa upasuaji wa ubongo anafungua kichwa. Huyu wa neva anatibu kifafa, kiharusi, kutetemeka, kusahau kwa uzee, maumivu ya kichwa yenye hayaishi, miguu kufa ganzi. Wagonjwa wake wengi hawaguswi na kisu.

Wenzetu wanafanyaje?

Marekani wako na bodi yao ya madaktari wa akili na wa neva, imekuwepo tangu 1934. Zamani ukipita mtihani wao, umepita milele. Wakabadilisha: kila aliyepita kuanzia Oktoba 1994 alipewa cheti cha miaka 10 tu, na ikiisha anarudi kwa mtihani. Fikiria KCSE inakuja kukutafuta kila miaka 10 ukiwa na familia na mvi.

Madaktari wakalalamika, na haki yao. Mtihani mmoja wa siku moja unapima nini kuhusu mtu mwenye ametibu wagonjwa miaka 20? Kwa hivyo bodi ikaleta njia ingine: badala ya mtihani mkubwa, daktari anasoma makala za utafiti mpya na kujibu maswali machache kwa kila moja. Akipita makala 30 kwa miaka 3, yuko sawa.

Uingereza walianza mtindo wao Desemba 2012. Kila miaka 5 daktari anathibitishwa upya, na moja ya vitu vinaangaliwa ni maoni ya wagonjwa na ya wenye anafanya kazi nao.

Sisi Kenya hatuna mtihani wa kurudia. Tuna pointi na tarehe 31 Desemba. Swali ni, zinatosha?

Gusii tulikuwa na daki wa kichwa kabla ya KMPDC

Kabla hatujajibu, kuna kitu wasee wa Nairobi hawajui kuhusu Wakisii, na wakijua wanadhani tunawabeba ufala.

Gusii ilikuwa na wapasuaji wa vichwa. Anaitwa omobari, wakiwa wengi ni ababari. Mtu akigongwa rungu kichwani vitani ama aanguke, na maumivu yakatae kuisha, alipelekwa kwa omobari. Huyo alifungua ngozi ya kichwa, akakwangua fupa pole pole na vyuma vyake mpaka palipovunjika pasafike, alafu akafunga. Hii si stori ya kilabu. Madaktari wa hospitali waliandika juu yao, na mwaka wa 1985 jarida moja la upasuaji la Marekani, Annals of Plastic Surgery, lilichapisha utafiti kuhusu upasuaji huo wa jadi wa Wakisii. Wengine walipona wakarudi shamba. Wengine hawakurudi.

Nani alimpa omobari leseni? Alijifunza kwa kusimama kando ya aliyemtangulia, miaka na miaka, akiangalia mkono. Leseni yake ilikuwa watu waliokuwa wakitembea kijijini na kovu kichwani wakiwa hai. Akiharibu, kijiji kinajua kufikia jioni. Wateja wanapotea.

Naileta hii juu kuna watu hupenda kusema leseni ni mambo ya wazungu. Si kweli. Wazee wetu pia walitaka kujua nani anafaa kushika kichwa cha mtu. Tofauti ni kwamba kijiji kilikuwa kidogo na kila mtu alimjua kila mtu. Leo unashuka matatu Kisii mjini, unaona bango "mtaalamu wa mishipa na ubongo", na huna shosho wa kuuliza kama huyo jamaa ametibu mtu akapona. Rejista ya Baraza ndiyo sasa inafanya kazi ya kijiji.

Lakini karatasi nayo ina mwisho wake

Sasa tuongee ukweli. Mwaka wa 2015 Kenya nzima ilimjua Mugo wa Wairimu, msee wa Githurai mwenye alikuwa na kliniki na wagonjwa kibao. Bodi ikasema wazi kwamba huyo si daktari aliyesajiliwa. Watu walikuwa wanapanga laini kwake. Hakuna mtu alicheki rejista. Na mwaka wa 2025, msako wa kliniki ulipopamba moto, vituo zaidi ya 700 nchini viliamriwa kufungwa. Hapo unaona kazi ya leseni ni nini: inakutenganisha na mkora.

Lakini kuna kesi ya pili. Mwanzo wa mwaka wa 2018, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi. Wagonjwa wawili. Mmoja alikuwa na damu imeganda kwa ubongo, alihitaji kupasuliwa. Mwingine alikuwa na uvimbe kichwani wenye haukuhitaji kisu. Wakachanganywa. Kichwa kikafunguliwa, masaa yakaenda, na damu iliyoganda haikuonekana. Ni kichwa cha mtu mwingine. Daktari, wa dawa ya usingizi na wauguzi wawili wakasimamishwa kazi, na bosi wa hospitali akapelekwa likizo ya lazima.

Hapo shida haikuwa mkora aliyejifanya daktari. Wale walikuwa watu wamesomea kazi, kwa hospitali kubwa kuliko zote nchini. Madaktari wenzao waligoma kutetea mwenzao, wakisema hospitali yenyewe ilikuwa imelemewa na utaratibu wa kutambua wagonjwa ulikuwa mbovu. Kwa hivyo pointi 50 zinaweza kuonyesha daktari alikaa kwa kiti akasikiza. Haziwezi kuonyesha wadi iko na watu wa kutosha usiku huo.

Na hata hizo pointi zenyewe, kuna venye zinaweza kugeuka mchezo. Unajua semina ya mtandaoni. Si sote tulisoma wakati wa korona? Unawasha, unazima kamera, unaenda kuchemsha chai. Jina lako liko kwa orodha. Sisemi madaktari wote wanafanya hivyo. Nasema mfumo wenye unahesabu masaa ya kukaa unaweza kumlipa mwenye alikaa sawa na mwenye alisoma. Wamarekani waligundua hiyo ndiyo maana wanauliza maswali baada ya makala. Waingereza waligundua ndiyo maana wanauliza mgonjwa.

Hesabu ya Gusii

Ingia kwa namba kidogo, usilale. Sensa ya 2019: Kaunti ya Kisii watu 1,266,860. Nyamira watu 605,576. Jumla karibu milioni 1.9.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu wataalamu wa ubongo na neva duniani, wa watu wazima, wa watoto na wapasuaji pamoja, kwenye ripoti yake ya 2017. Nchi tajiri zina wataalamu 7.1 kwa kila watu 100,000. Nchi maskini kabisa wana 0.1. Tungekuwa nchi tajiri, Kisii na Nyamira pekee zingekuwa na wataalamu zaidi ya 130. Kwa kiwango cha maskini, wanakuwa wawili. Wawili, kwa watu karibu milioni 2. Na Kenya, wengi wa mabingwa wa neva wako Nairobi, wakifuatwa na miji mikubwa michache. Juu huko ndiko kuna mashine, wanafunzi wa kufundisha, na wagonjwa wenye bima nzuri.

Sasa chukua kiharusi. Mzee anaanguka Nyansiongo saa mbili asubuhi, mdomo umeenda upande, mkono umekufa. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa ubongo, lakini inataka ipewe ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na kabla ya kuipata lazima apigwe picha ya CT kuhakikisha si damu inayovuja. Sasa familia inakaa kidogo ikidhani amechoka. Wanatafuta gari. Wanafika hospitali ya kwanza, wanaambiwa waende mbele. Mtu mwenye doh anasema, "Tumpeleke Nairobi kwa bingwa." Hiyo ni kilomita karibu 300, masaa matano, sita. Yale masaa manne na nusu yatakuwa yameisha gari likiwa bado Narok, abiria wakishuka kununua mahindi choma.

Bingwa wa Nairobi anaweza kuwa na leseni safi, pointi 50 zote, ukuta umejaa fremu. Lakini mzee wetu anamfikia akiwa amechelewa. Hii ndiyo maana nasema leseni ya bingwa pekee haitoshi kwa mtu wa Gusii. Swali la "mara ya mwisho kusoma ilikuwa lini" lazima lifike mpaka kwa yule CO wa zahanati, muuguzi wa zamu ya usiku, na daktari wa kawaida wa Kisii na wa Nyamira. Hao ndio wanamwona mgonjwa wa kwanza. Ma-CO wako na baraza lao, wauguzi lao, na pia wao wanatakiwa kuhuisha leseni. Yule CO aliyemuokoa kuzo yangu na shida hakuwa bingwa wa kitu. Alikuwa amesoma jambo jipya, na akalikumbuka siku inayofaa.

Na hilo jambo kweli lilikuwa jipya. Uingereza ilikaza sheria ya valproeti kwa wanawake mwaka wa 2018. Shirika la Afya Duniani likatoa onyo lake mwaka wa 2023. Daktari aliyesoma kifafa vizuri mwaka wa 2005 na akafunga kitabu hapo angeendelea kuiandika kwa roho safi. Si mkora. Si mjinga. Amepitwa tu na wakati, na mgonjwa ndiye analipa.

Marani, Oktoba 2021

Hii sehemu si ya kucheka.

Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, Kaunti ya Kisii, kina mama wanne wazee waliuliwa na umati. Walisemwa ni wachawi. Mambo yalianza na stori za kijana wa shule mwenye ilisemekana wamemroga. Kijiji hakikungoja hospitali wala polisi.

Siwezi kukuambia kijana alikuwa na nini, ama wale kina mama walikuwa na ugonjwa wowote. Lakini fikiria dalili zenye kwetu zinaitwa uchawi. Kijana anapoteza usemi ghafla. Mtu anaanguka na kutoa povu. Magokoro anatoka usiku bila kujua anaenda wapi, anaongea na marehemu mume wake, anasahau majina ya watoto wake, anaonekana shambani kwa jirani alfajiri akiwa nusu uchi. Hiyo ya mwisho, kwa daktari wa neva, ina jina: ni ugonjwa wa ubongo kuzeeka vibaya, ule wa kupoteza kumbukumbu. Kwa umati wenye viberiti, jina ni lingine.

Kwa hivyo kukiwa hakuna mtu wa kusema "huyu ni mgonjwa" kwa sauti yenye kijiji kinaheshimu, pengo halibaki wazi. Linajazwa na mtu mwingine: nabii, mganga, ama jirani mwenye anataka shamba. Gusii hii tunaijua.

Nani anamlipia daki kusoma?

Sasa weka viatu vya daktari wa kaunti. Uko Nyamira. Mshahara unachelewa, kila mwaka kuna mgomo ama tishio la mgomo. Ule wa 2016 hadi 2017 ulichukua siku 100. Wa 2024 ulichukua siku 56. Wewe ndiye daktari pekee kwa zamu. Kongamano zuri la magonjwa ya ubongo liko Nairobi ama Mombasa. Ukienda siku tatu, nani anabaki na wadi? Nauli, hoteli na ada ya kuingia zinatoka wapi? Kwa hivyo unabaki na semina za mtandaoni, saa mbili usiku, ukiwa umechoka, bando ikiwa chini.

Mwenzako wa hospitali kubwa ya Nairobi anapata pointi kwa kutembea tu mpaka ukumbi wa ghorofa ya chini saa ya lanchi.

Leseni ni moja. Sheria ni moja. Lakini gharama ya kuitunza si moja. Anayefanya kazi mbali na mji ndiye analipa zaidi kubaki mwerevu, na ndiye anahitajika zaidi kuwa mwerevu, juu hana bingwa wa kumpigia kelele korido ya pili. Wengi wanachoka, wanahama. Alafu tunashangaa kwa nini Kisii inafundisha na Nairobi inavuna.

Dawa ya hii si kulegeza pointi. Ukilegeza, unawafungulia wakora geti. Dawa ni kupeleka masomo penye daktari yuko. Kisii iko na hospitali ya mafunzo na rufaa, iko na chuo kikuu chenye shule ya udaktari. Hakuna sababu bingwa wa neva asije mara moja kwa mwezi, aone wagonjwa asubuhi na mchana afundishe ma-CO na madaktari wa kaunti zote mbili, na masaa hayo yahesabiwe pointi. Shirika la Afya Duniani tayari liko na mwongozo, mhGAP, wa kufundisha wahudumu wa kawaida kutibu kifafa na magonjwa mengine ya ubongo bila kungoja bingwa. Kifafa si kitu cha kuogopa hivyo: hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi. Mwaka wa 2022 nchi za dunia, Kenya ikiwemo, zilikubali mpango wa miaka 10 wa magonjwa ya neva kule Geneva. Sasa magavana wetu wawili waulizwe mpango huo umefika wapi kwa bajeti ya Kisii na ya Nyamira. Wakati wa kampeni tunauliziana tu barabara na fataki.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, cheki rejista. Tovuti ya KMPDC iko na sehemu ya kutafuta jina la daktari na ya kutafuta kituo. Ni bure, ni dakika mbili, inachukua bando kidogo kuliko klipu moja ya TikTok. Angalia kama leseni ni ya mwaka huu na kama ubingwa anaodai umeandikwa. Ikiwa ni CO, uliza kuhusu baraza lao. Leseni ya kituo inafaa kuwa ukutani. Ukiona kalenda tu na picha ya mheshimiwa, uliza.

Pili, uliza swali la mathe. Usiulize kwa madharau. Sema, "Daktari, hii dawa bado ndiyo inapendekezwa siku hizi? Kuna kitu kipya nijue?" Daktari mzuri hatakasirika. Anayekasirika amekujibu.

Tatu, kama wewe ama dadako mnatumia valproeti, usitupe dawa kwa choo sababu umesoma hii. Endelea kumeza, alafu nenda umwone daktari mapema mzungumze kuhusu mimba na njia ingine.

Nne, mtu akianguka na kifafa: mlaze upande, toa vitu vigumu karibu, weka kitu laini chini ya kichwa, angalia saa. Hakuna kijiko. Hakuna kiberiti. Ikipita dakika 5, ni hospitali.

Tano, mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, maneno yakivurugika, usingoje kesho. Andika saa ilianza, na uulize hospitali iliyo karibu kama ina CT kabla ya kufikiria Nairobi.

Kuzo yangu alibadilishiwa dawa. Ilichukua miezi, na kuna wiki moja alianguka mara mbili tukaogopa sote. Alafu ikatulia. Saa hii ako na mtoto wa kiume, msumbufu balaa, anakimbiza kuku za watu Kebirigo mchana kutwa.

Yule wa koti nyeupe bado yuko, bango limepakwa rangi mpya. Juzi nikamuuliza kuzo kama anaweza kumshtaki. Akacheka, akasema huyo msee alimpa miaka tano bila kuanguka, na hiyo hawezi kuisahau. Alafu akanyamaza kidogo, akaangalia mtoto, akasema, "Lakini angeniuliza tu lile swali moja."